Kabla ya kununua pedi ya gemu, uliza kilichomo chini ya kijiti

Watengenezaji wa konsoli, mashine za kuchezea gemu, huigana mchana kweupe, ila huiga kinachoonekana: umbo la pedi inayoshikwa mkononi, mahali pa vitufe, idadi ya vijiti. Kilichojificha ndani mara nyingi huachwa, ama kwa sababu kinaongeza gharama, ama kwa sababu kina hataza (haki ya uvumbuzi) ya mtu mwingine. Mnunuzi naye huona pedi mbili zinazofanana kama mapacha, akadhani zitadumu sawa.

Mfano mzuri kuliko yote ni kijiti cha kidole gumba. Mwaka 1996 Nintendo 64 ilitoka na kijiti kimoja katikati ya pedi. Ndani yake mlikuwa na sahani mbili zenye matundu, na vihisi vya mwanga vilivyohesabu matundu hayo yanapopita. Mwaka huohuo Sega ikatoa pedi ya Saturn yenye kijiti kilichopimwa kwa sumaku, na ikautumia mtindo huo tena kwenye Dreamcast ya 1998. Sony ilikuja 1997 na vijiti viwili, kisha mwishoni mwa mwaka pedi ya DualShock, na ndani ya vijiti vyake mlikuwa na potenshiomita. Njia tatu, na kila moja ina ugonjwa wake. Soko likachagua vijiti viwili vya Sony, na potenshiomita ikaja navyo. Nintendo yenyewe, iliyotangulia, iliifuata kwenye GameCube mwaka 2001, na Xbox ya mwaka huohuo ikafanya vivyo hivyo. Sumaku ya Sega haikupata mrithi kwa miaka mingi, ingawa ndiyo iliyokuwa njia bora. Hilo ni kosa la tasnia nzima.

Potenshiomita ni mchirizi wa kaboni na kidole kidogo cha chuma kinachousugua. Unapocheza, kidole hicho hupita na kurudi karibu na katikati kuliko kwingineko, kwa hiyo kaboni huanza kulika palepale ambapo kijiti kinatakiwa kutulia. Ndiyo maana mhusika huanza kutembea mwenyewe. Kijiti cha sumaku hakina kinachosuguana kwenye kipimo, kwa hiyo hakipati ugonjwa huu, japo chemchemi na mhimili wake bado huchakaa. Kijiti cha Nintendo 64 kina shida nyingine: plastiki husagana na bakuli lake, unga mweupe hujaa ndani na kijiti kinalegea. Tena pedi hiyo huhesabu mwendo kuanzia pale kijiti kilipokuwa wakati konsoli inawashwa. Ukiwasha huku umekisukuma, katikati itakuwa imehama. Bonyeza L, R na Start kwa pamoja uirudishe, kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Usikimbilie kufungua pedi, pima kwanza. Iunganishe na kompyuta, fungua ukurasa wowote wa kupimia pedi kwenye kivinjari, uangalie namba za mihimili (kushoto-kulia na juu-chini), ambazo huenda kutoka -1 hadi 1. Sukuma kijiti hadi mwisho kisha ukiachie, mara 20 hivi, kila mara kutoka upande tofauti. Namba ikitulia ndani ya 0.05 kutoka sifuri, pedi ni nzima. Ikitulia mahali tofauti kulingana na upande uliokiachia, chemchemi imelegea. Namba ikirukaruka huku kijiti kimetulia, mna uchafu au kaboni imelika. Na ikiwa imetulia tuli lakini mbali na sifuri, huenda inahitaji kusawazishwa tu. Kwenye Switch ya Nintendo, usawazishaji wa vijiti umo ndani ya mipangilio ya mfumo, sehemu ya vidhibiti, na hauhitaji bisibisi. Wengi hubadilisha kijiti kizima kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa dakika mbili.

Ikiwa ni uchafu, tumia pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Zima pedi, weka matone machache kwenye ukingo wa kijiti, kizungushe mara 30, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie mafuta ya kulainisha bawaba. Yanaonekana kutibu kwa siku chache, halafu yanakusanya vumbi na kutengeneza tope juu ya kaboni. Ikiwa kaboni yenyewe imelika, pombe itakupa nafuu ya muda tu, usijidanganye.

Kubadilisha kijiti kunategemea pedi. Joy-Con, pedi ndogo za Switch ya kwanza, ndizo rahisi: skrubu nne za nyuma zinataka bisibisi ya pembe tatu, saizi Y00, na kijiti kimeunganishwa kwa utepe, hakuna kulehemu. Fungua taratibu kama kitabu, kwa sababu nyaya za ndani ni fupi, na chomoa betri kwanza. Kinachovunjika zaidi ni kikufuli cheusi kinachobana utepe. Kinainuliwa kwa ncha ya plastiki, hakivutwi.

DualSense, pedi ya PlayStation 5 (PS5), na pedi za Xbox ni kazi nyingine kabisa. Kila kijiti kimelehemiwa kwenye ubao kwa ncha 14: tatu za kila potenshiomita, nne za kitufe cha kubonyeza na nne za miguu ya chuma. Miguu ile, na ncha za waya wa ardhi, hunyonya joto kwa sababu zimeshikana na shaba nyingi. Anayeanza huona risasi ya lehemu haiyeyuki, huvuta kwa nguvu, na pete ya shaba hung'oka pamoja na ncha. Hapo ubao umeharibika. Ongeza kwanza risasi mpya yenye madini ya plumbi juu ya ile ya kiwandani, kwa sababu huyeyuka mapema zaidi, weka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) ya kutosha, tumia pasi ya lehemu ya nyuzi 350 za Selsiasi hivi, kisha nyonya kwa pampu. Njia salama zaidi ni kukitoa muhanga kijiti cha zamani: kivunje juu kwa koleo, ubaki na ncha mojamoja, uzitoe moja baada ya nyingine. Ukimaliza kubadilisha, pedi haitajua katikati mpya iko wapi. Kwa DualSense kuna zana ya kusawazisha inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha Chrome kwa waya wa USB. Bila hatua hiyo, kijiti kipya kitaonekana kibovu kuliko cha zamani.

Mkinunua vijiti vya sumaku vya kubadilishia, zungusheni kijiti duara zima kwenye ukurasa ule wa kupimia, mkiangalia namba. Vya bei ya chini huacha pembe zisizofika 1, au hufika mapema mno, na kulenga shabaha kwa taratibu kunakuwa shida. Vipya zaidi vya aina ya TMR, ambavyo navyo hupima sumaku, hutumia umeme kidogo kuliko vya Hall, yaani vya sumaku vya kawaida, jambo la maana kwenye pedi isiyo na waya.

Mtetemo nao una kisa chake. Nintendo iliuza Rumble Pak mwaka 1997, kifaa cha kuchomeka chenye betri mbili za AAA. Sony ikaweka mota mbili za uzito tofauti ndani ya DualShock mwaka huohuo, bila kuchomeka chochote. Safari hii aliyeiga alifanya vizuri kuliko aliyebuni. Lakini mwaka 2002 kampuni ya Immersion ilizishtaki Sony na Microsoft kwa hataza zake. Microsoft ilimaliza kesi mapema, Sony ikapigana hadi 2007. PlayStation 3 ikatoka 2006 na pedi ya Sixaxis isiyotetemeka kabisa, na mtetemo ukarudi na DualShock 3. Anayenunua pedi ya zamani ya PS3 aipime kwa mkono: Sixaxis ni nyepesi waziwazi, kwa kuwa haina mota. Leo pedi nyingi za kampuni nyingine huiga sura ya DualSense, lakini ndani huweka mota za kawaida zenye vizito na haziweki vifyatulio vinavyokaza. Kumbuka pia kwamba DualShock 4, pedi ya PS4, hufanya kazi kwenye PS5 kwa gemu za PS4 tu.

Hata hifadhi ina hadithi hiyohiyo. Novemba 2020 Sony na Microsoft zilitoa konsoli mpya zenye SSD (hifadhi ya kielektroniki) za haraka. Xbox Series inataka kadi ya muundo wake, unaichomeka nyuma na kazi imekwisha. PS5 inakuachia nafasi ya M.2 ya kawaida, ile ya SSD bapa za kompyuta, nafuu zaidi lakini yenye masharti: SSD iwe ya PCIe (njia ya kupitishia data) ya kizazi cha nne, kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde inapendekezwa, na lazima iwe na kipoza joto. Unene wote pamoja na kipoza joto usizidi milimita 11.25. Hapo ndipo wengi hukwama, wananunua SSD yenye kipoza joto kirefu cha kompyuta, na kifuniko cha chuma hakifungi. M.2 ya SATA, njia ya data ya zamani zaidi, huingia kwenye nafasi lakini haitambuliwi. Kabla ya kubana skrubu, hamisha kispesa (kipete kidogo cha chini ya SSD) kwenye tundu linalolingana na urefu wa SSD yako, kwa kawaida milimita 80, la sivyo itabaki imeinama. Ukiwasha, konsoli itaomba kuifomati, na baada ya hapo itaonyesha kasi iliyopima yenyewe.