Nilipofeli chuo Ujerumani, fundi wangu alinisimulia habari za Bernd Schneider, dereva wa mbio za magari

Vijana wetu walioko Ujerumani huniandikia sana, na swali linalojirudia ni hili: kaka, nimefeli mtihani mara ya tatu, nifanye nini? Aliyeishi huku anajua uzito wake. Katika vyuo vingi vya hapa, somo la lazima likikushinda mara tatu unaondolewa kwenye kozi, na kozi hiyohiyo huwezi kwenda kuianza upya chuo kingine nchini. Kibali chako cha kuishi nacho kimefungwa kwenye masomo hayohayo.

Mimi yalinikuta mwaka 2011. Nilikuwa nasoma uhandisi wa mitambo. Barua ilikuja kwenye bahasha ya njano, ile ambayo mtu wa posta huandika juu yake tarehe aliyokufikishia, ili usije ukasema hukuipata. Nilikaa nayo wiki tatu bila kumwambia mtu. Mama akipiga simu kutoka Moshi, namwambia masomo yanaendelea vizuri, halafu nabadilisha mada, namuuliza habari za mvua.

Rafiki yangu mmoja akanielekeza gereji karibu na Saarbrücken iliyokuwa inatafuta mwanafunzi. Mafunzo ya ufundi magari hapa huchukua miaka mitatu na nusu: siku nyingine uko gereji, nyingine shule ya ufundi, na mwisho wa mwezi unapata mshahara mdogo. Nilienda kwa shingo upande. Niliondoka nyumbani nikiagwa kama injinia, na sasa nimevaa ovaroli, nafagia vumbi la brekipedi.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa hukohuko, jimbo la Saarland, mtu wa maneno machache. Wiki ya kwanza haijaisha akaniuliza kwa nini nafanya kazi kama mtu anayetumikia kifungo. Nikamweleza yote, hata yale niliyomficha mama. Akaweka spana chini, akanionyesha picha iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa: Mercedes C-Class ya mashindano, imechafuka, kioo cha pembeni kimeng'oka. Akaniuliza kama namjua dereva wake. Sikumjua. "Bernd Schneider," akasema, "mtoto wa St. Ingbert, hapa jirani tu."

Hiki ndicho kisa alichonisimulia. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, maana kilinikaa moyoni.

Schneider alizaliwa mwaka 1964. Mwaka 1987 alikuwa bingwa wa Formula 3 ya Ujerumani, ngazi ya madereva wanaopanda, na mwaka uliofuata akaingia Formula 1, ngazi ya juu kabisa ya mbio za magari, na Zakspeed, timu ya kwao. Ana miaka 23, yuko kileleni. Kisha ukaja mwaka 1989. Msimu ule timu zilikuwa nyingi kuliko nafasi: magari 39 yameandikishwa, yanayoruhusiwa kuanza mbio ni 26. Timu dhaifu zikawekewa mchujo wa awali, Ijumaa saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Yanaingia magari 13, yanapita manne. Wengine wanafungasha vitu vyao siku ya kwanza kabisa, wakati watazamaji ndio kwanza wanafika.

Fikiria umesafiri hadi bara lingine na gari, mafundi, matairi na vipuri, na kazi yako imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Zakspeed walikuwa wamefunga injini mpya ya Yamaha, ya silinda 8, na injini ile haikuwa na nguvu wala haikudumu. Katika mashindano 16 ya mwaka ule Schneider alipita mchujo mara mbili tu, Brazil mwanzoni mwa msimu na Japani ukielekea mwisho. Mara 14 alirudishwa mlangoni.

Hapo fundi wangu alinyanyua kidole. Mwenzake Schneider katika timu ile, Mjapani Aguri Suzuki, hakupita hata mara moja, 16 kwa 16. Mwaka uliofuata Suzuki akahamia timu nyingine, akamaliza wa tatu katika mbio za kwao Suzuka na kupanda jukwaani. Dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni gari.

Wadogo zangu, kazi ya kwanza baada ya barua ile ya njano ni kukaa na karatasi na kalamu, utenganishe gari na dereva. Mimi nilipofanya hivyo, niliona yaliyokuwa ya gari: nilikuwa napakia mizigo ghalani usiku hadi saa kumi alfajiri, kisha naingia darasani kusikiliza mekanika kwa Kijerumani ambacho nilikuwa bado nakitafuna nusu nusu. Niliona na yaliyokuwa ya dereva. Mahesabu ya kwenye karatasi sikuyapenda tangu mwanzo. Nilichokipenda ni mashine yenyewe, kuishika, kuisikiliza. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu bila kujiuliza swali hilo. Andika pande zote mbili, bila kujionea huruma na bila kujitukana, kwa sababu unachoamua baadaye kinategemea karatasi hiyo.

Schneider alijaribu tena kidogo mwaka 1990 na Arrows, akaitwa mara mbili tu kuziba nafasi. Basi. Kuanzia 1992 akawa dereva wa kudumu wa AMG-Mercedes katika DTM, mashindano ya Ujerumani ya magari yenye umbo la magari ya mtaani. Kwa dereva aliyeonja Formula 1, wengi wangeita huko kushuka. Magari yanasukumana ubavu kwa ubavu, bodi zinakwaruzana, vipande vinaruka. Na kumbe kule ndiko kulikokuwa kwake. Mwaka 1995 alitwaa ubingwa wa DTM na pia ule wa kimataifa uliokwenda sambamba nao.

Nataka mlione na hili, maana watu hulisahau wakisimulia visa vya mafanikio. Hata mlango wa pili ulifungwa. Gharama zilipanda mno, Opel na Alfa Romeo wakajitoa mwishoni mwa 1996, na mashindano yakafa. Schneider akahamia mbio za GT, yaani za magari ya kifahari ya mwendo kasi, akawa bingwa wa mashindano ya FIA GT mwaka 1997. DTM ilipofufuliwa mwaka 2000 akarudi na kuchukua ubingwa, kisha 2001, kisha 2003, na mara ya mwisho 2006 akiwa na miaka 42. Jumla mataji matano. Msimu ule wa 2006 aliyemfuata kwa pointi, Bruno Spengler, alikuwa kijana wa miaka 23. Na humo humo alikuwamo Mika Häkkinen, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa 1998 na 1999, aliyekimbia misimu mitatu ya DTM akashinda mbio tatu, lakini taji hakulipata. Bingwa wa dunia alikuja kwenye mashindano yale wengine waliyoyaita ya chini, akamkuta Schneider ndiye mwenye nyumba.

Sasa mambo ya vitendo. Usingoje kibali kiishe. Mimi nilitafuta mkataba wa mafunzo kwanza, nikaenda ofisi ya uhamiaji nikiwa nao mkononi, pamoja na barua ya gereji na hesabu ya mshahara. Anayekwenda na machozi peke yake husikilizwa kwa upole, halafu hurudi nyumbani hivyohivyo. Jingine: uliyoyasoma chuoni hayajapotea. Shule ya ufundi ilipofika kwenye umeme wa magari, mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza wenzangu.

Na mwambie mama. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nilichelewa miezi minne. Nilipomwambia hatimaye, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umekula leo, mwanangu?" Kumbe alikuwa ameshajua. Sauti yangu ilikuwa imenisaliti siku nyingi, na alikuwa halali usiku akidhani naumwa.

Mei 2013 fundi alinichukua kwenda Nürburgring, uwanja wa mbio za magari ulio katikati ya misitu, kutazama mbio za saa 24. Schneider alikuwa ameshaacha DTM tangu mwisho wa 2008, lakini siku ile alikuwamo, akipokezana na wenzake watatu Mercedes SLS. Mbio zilianza Jumapili saa kumi na moja jioni. Usiku ikanyesha mvua ya kutisha, na ukungu juu yake, mbio zikasimamishwa hadi asubuhi. Tulilala ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, makoti yamelowa, tunagawana chai ya chupa. Asubuhi injini zilipowashwa tena, msitu mzima ukatetemeka, na mzee akanigonga begani niamke.

Jioni yake gari la Schneider lilipita mstari likiwa la kwanza. Alikuwa na miaka 48. Fundi wangu alivua kofia, akasimama kimya nayo kifuani mpaka magari yote yakapita. Tukarudi Saarland usiku, na kesho yake, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi tukafungua gereji. Gari la kwanza lilikuwa na beringi ya gurudumu inayolia. Nilisikiliza mara moja tu nikajua ni ya mbele kushoto.