Kesi ya kaka inaanza upya kwa sababu ya maswali ya wazee wa baraza?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mwaka 2019 kaka yangu alitiwa hatiani kwa mauaji na Mahakama Kuu hapa Mwanza. Sasa Mahakama ya Rufani imebatilisha mwenendo wote na kuamuru kesi ianze upya, eti wazee wa baraza waliwahoji mashahidi isivyotakiwa. Kaka anaponzwaje na maswali ya wazee? Na safari hii watakuwepo?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba. Sisi hatuna lile baraza la watu 12 la Marekani linaloamua lenyewe kama mtu ana hatia. Mzee wa baraza alimshauri jaji tu, na jaji hakufungwa na maoni yake. Ila mshauri hatakiwi kuegemea upande. Sheria ya Ushahidi ilimruhusu kuuliza, kwa ruhusa ya jaji, ili apate ufafanuzi.

Chukua shahidi anayedai alimtambua mshtakiwa usiku mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mzee akiuliza, "Karabai ilikuwa ndani ya mtumbwi au nchi kavu?" hakuna tatizo. Akiuliza, "Si mliwahi kugombania nyavu, mbona unamsingizia?" hilo ni dodoso, kazi ya wakili wa upande wa pili. Mzee huyo ameshaingia ulingoni, na Mahakama ya Rufani ilisema mara nyingi kwamba kesi ya namna hiyo si ya haki. Nyingine zilianguka kwa sababu jaji, kwenye majumuisho (muhtasari wa kesi anaowapa wazee kabla ya maoni yao), hakuwaeleza wazee hoja muhimu za kisheria.

Marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima wa wazee katika kesi za jinai Mahakama Kuu (Kenya waliwaondoa mwaka 2007). Mabadiliko ya utaratibu kwa kawaida hugusa hata kesi za zamani, hivyo tarajieni jaji peke yake. Mimi nayaunga mkono nusunusu. Jaji aliyehamishiwa huku juzi, akiletewa kesi ya mauaji ya kishirikina ya Usukumani, angefaidika na mtu anayezijua mila zetu. Wazee walihitaji kufundwa kazi kabla ya kuwekwa kando.

La haraka kwenu ni mashahidi wa utetezi. Kama ni wavuvi, wanafuata dagaa: leo Kome, kesho Ukara. Mpeni wakili namba zao na majina ya mialo mapema. Kama hamna uwezo wa wakili, mahakama itampangia kaka mmoja kwa gharama za serikali. Dhamana msihangaike nayo, kosa la mauaji halina.