Usichomeke hiyo pampu kwenye pini ya ESP32!

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza uanze na lugha gani ya kuprogramu, C au MicroPython, na ununue bodi gani ya pili. Mimi kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: pampu ndogo ya maji ya volti 5 unataka kuichomeka moja kwa moja kwenye pini ya ESP32, hiyo bodi yako ndogo ya kompyuta, kwa sababu muuzaji kasema haina shida. Ina shida. Usiiguse.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Pini ya ESP32 hutoa volti 3.3, na mkondo wa kuiamini ni kama miliampea 20. Ukifika 40 uko ukingoni. Taa ya LED yenye rezista yake (kipande cha kupunguza mkondo) hapo inaridhika. Pampu hizi ndogo hula miliampea 100 hadi 200 zikiwa zinazunguka vizuri, na zinapoanza tu kuzunguka, au takataka ikizikwamisha, hunyonya mara kadhaa ya hapo. Tena ndani ya mota ya pampu kuna koili, waya uliozungushwa mara nyingi. Ukiikatia umeme ghafla, koili hurusha volti kubwa kinyumenyume, na kama hakuna kizuizi zinaishia kwenye chipu.

Kilichonipoteza ni kwamba yangu ilizunguka, kwa unyonge lakini ilizunguka. Kisha bodi ikaanza kujizima na kujiwasha kila pampu inapoanza. Nikaamini programu yangu ina kosa, nikakesha narekebisha mistari isiyo na tatizo lolote. Nilipokuja kugusa kile kibati cha juu ya chipu kilikuwa kinaunguza kidole. Pini imekufa. Nikarudi kwa muuzaji, akaniambia nihamishie pampu kwenye pini ya 5V, ile inayopata umeme kutoka tundu la USB la laptopu. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa miliampea 500. Pampu ikakwama na uchafu, na tundu nalo likaenda. Bodi unaweza kununua nyingine. Tundu la laptopu ni habari nyingine kabisa, hasa kwa mtu anayejifunza kwa pesa za kuungaunga.

Watu hawa wananikera hadi leo. Anauza kifaa, hajui kinakula mkondo kiasi gani, na hasemi "sijui". Na wale wa video wanaoonyesha mota ikizunguka kwenye pini kwa muda mfupi kisha wanakata picha, nao ni wale wale.

Kwa hiyo kabla hujaunganisha chochote, jua kinataka volti ngapi na kinakula miliampea ngapi. Kikizidi 20, kipitie kwenye transista, yaani swichi ndogo inayowashwa na mkondo mdogo wa pini. Ndiyo maana pesa ya bodi ya pili nunulia multimita, kifaa cha kupimia volti na mkondo, kwanza, hata ile ya bei ya chini kabisa.

Kwa pampu yako chukua transista ya 2N2222; miguu yake mitatu inaitwa besi, emita na kolekta. Pini ya ESP32 iende kwenye besi kupitia rezista ya omu 220, emita iende graundi, kolekta iende waya hasi wa pampu. Waya chanya wa pampu upate volti 5 kutoka chaja ya simu, siyo kutoka laptopu. Graundi ya chaja na ya bodi ziunganishwe, la sivyo transista haitafanya kazi. Kisha dayodi ya 1N4007, kizuizi cha zile volti za kinyumenyume, sambamba na pampu, ule mstari wake mweupe ukitazama upande chanya. Usiisahau dayodi. Na wakikuuzia moduli ya IRF520, iache: hiyo ni mosfeti, transista ya aina nyingine, na inataka kama volti 10 kwenye geti, mguu wake wa kuiwashia, ili ifunguke sawasawa, wewe una 3.3.

Hiyo 3.3 ikumbuke pia kwenye sensa. HC-SR04 ya kawaida, ile ya kupima umbali, ukiipa volti 5, pini yake ya Echo hurudisha volti 5, na pini za ESP32 hazikutengenezwa kupokea hizo. Weka rezista mbili, kilo-omu 1 na 2, zigawe volti.

Lugha? Anza na MicroPython, ESP32 inaikubali vizuri. Ukipata multimita, pima pampu yako ikiwa majini, kisha ikwamishe kidogo tu isizunguke upime tena, na ulete namba zote mbili hapa tuone kama 2N2222 itatosha.