Ukumbi wa Cherehani: Kiolezo cha Inchi 34, Kifua cha 38

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Bibi ameniachia kiolezo cha gauni (karatasi za kukatia kitambaa) kutoka Marekani, cha mwishoni mwa miaka ya 1950: juu linabana, mikono mifupi, sketi ya duara kamili. Bahasha inasema saizi 14. Kifua changu ni inchi 38, kiuno 32. Fundi anataka kuongeza pembeni na kukata kitambaa papo hapo. Nimruhusu?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Usimruhusu, dada. Kwanza usiitegemee hiyo 14. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za violezo za Marekani zilibadilisha saizi zao. 14 ya mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kawaida ni kifua cha inchi 34, ya baada ya mabadiliko ni 36. Cha kutegemea ni vipimo vya mwili vilivyoandikwa kwenye bahasha. Tuchukulie chako ni kifua 34 na kiuno 26: umepungukiwa inchi 4 juu na 6 kiunoni.

Pembeni panabeba nyongeza ya jumla ya inchi 2 hivi, basi. Ukizirundika zote 4 hapo, kwapa linapanuka huku shingo na mabega yakibaki madogo. Ukiinua mkono, gauni zima linapanda nao.

Asiliguse karatasi la bibi kwa mkasi. Alinyooshe kwa pasi ya uvuguvugu bila maji, kisha anakili kwenye karatasi ya kaki pamoja na alama zote. Inchi 4 zikigawanywa kwa robo nne za mwili, kila robo inapata inchi 1. Kwenye nakala ya mbele achore mistari mitatu inayofuata mshale wa uzi (alama ya mwelekeo wa nyuzi za kitambaa) hadi kiunoni: mmoja kutoka shingoni, wa pili katikati ya bega, wa tatu kwenye kwapa. Akate na kuachanisha 1/8 ya inchi shingoni, 1/4 begani, 1/4 kwapani. 3/8 iliyobaki iende pembeni. Mgongo hivyo hivyo. Kiuno bado kinadai 1/2 kila robo: apunguze upana wa dati (pindo lililoshonwa kubana kiuno) kwa 1/4, na 1/4 nyingine aitoe pembeni, akianzia sifuri kwapani.

Mkono ndio husahauliwa. Kila nusu yake iongezwe 1/4 juu na 3/8 upande wa chini ya kwapa, la sivyo hautaingia.

Sketi nayo ina mtego. Kwa duara kamili, kiuno kikiongezeka inchi 6, nusu kipenyo cha tundu hukua kwa chini kidogo ya inchi 1. Basi ashushe mstari wa kiuno kiasi hicho tu na kurudisha urefu huohuo chini. Akate pungufu kwanza, maana kiuno cha duara hutanuka chenyewe.

Kisha ashone sehemu ya juu ya majaribio kwa marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, uvae na sidiria utakayovalia gauni. Violezo vya enzi hizo vilichorwa kwa matiti yaliyoinuliwa juu, hivyo ncha ya dati huenda ikahitaji kushuka. Na kazi ya kiolezo mlipe kando na ushonaji. Fundi asiyelipwa kwa karatasi ataruka hatua za karatasi.

SWALI: Kitenge cha yadi 6 kitatosha gauni kama hilo?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kikiwa na upana wa inchi 45, ndiyo. Kwa kiuno cha 32 na sketi ya inchi 28, kila nusu duara inakula kama inchi 34 za upana na 68 za urefu. Nusu duara mbili ni karibu yadi 4, na yadi mbili zinazobaki ni za juu na mikono. Usifuate yadi za bahasha bila kuangalia upana, kwani nyingi zilihesabiwa kwa kitambaa cha inchi 35 au 36. Na kama kitenge kina ndege au maandishi, ujue yatalala ubavu sehemu fulani za duara. Chagua maua madogo yasiyo na juu wala chini. Sketi itundikwe usiku kucha kabla ya kupindwa, kwa sababu sehemu zilizokatwa mshazari hushuka.

SWALI: Zipu ya kiolezo changu kama hicho iko ubavuni kushoto. Naweza kuihamishia mgongoni?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Unaweza. Mgongo usikatwe tena kwenye mkunjo: ongeza 5/8 ya inchi ya mshono katikati, sehemu ya juu na sketi pia, na ufunge ubavu wote. Kama shingo ni pana na kichwa kinapita, iache ubavuni. Mgongo usio na mshono hukaa vizuri zaidi.