Waridi limepanda ukuta, maua yote yako kwa jirani

SWALI: Shikamoo shangazi. Nipo Njiro, Arusha. Nina waridi jeupe la kutambaa, nimelipanda kwenye ukuta wa fensi huu mwaka wa 4, limerefuka mpaka limevuka ukuta ila maua yote yanatoka juuu kabisa upande wa jirani, mimi huku nabaki na fimbo na miiba. Nilicheki video YouTube, mzungu mmoja wa Uingereza anasema kata Februari, nikakata, mvua zilivyoanza majani yakaingia madoa meusi yakapukutika yote. Sasa hivi Julai limebaki na matawi 5 marefu na vijani vya kuhesabu. Nilikate mpaka chini lianze upya au niling'oe tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiling'oe jamani, na mpaka chini usilikate, hilo waridi halina kosa.

Tuanze na hiyo video. Huyo wa Uingereza anakata Februari kwa sababu kwao waridi linakuwa limelala, baridi kali, majani hakuna, likiamka linakutana na joto linapanda taratibu. La kwetu halilali hivyo. Ukikata Februari machipukizi laini yanatoka Machi na Aprili, katikati ya masika kabisa, na ugonjwa wa madoa meusi ni ukungu, jani likikaa limelowa masaa 7 hivi mfululizo basi umeshaingia. Kwa hiyo kilichokuponza ni tarehe, mkasi hauna shida. Mimi nakata mwisho wa Agosti, baridi inapoanza kuachia. Majani mapya yanatoka Septemba kukavu, unamwagilia mwenyewe asubuhi tena kwenye shina sio juu ya majani, na baada ya wiki 6 mpaka 8 unaona maua, vuli inakuja kukuta majani yameshakomaa.

Sasa hilo la maua kukimbilia kwa jirani. Kwenye tawi lililosimama wima jicho la juu kabisa, yaani kile kinundu kinachochipua, ndio bosi, linashusha homoni inayoyaambia macho ya chini yatulie, ndio maana unapata ua kileleni na fimbo chini. Lilaze hilo tawi ubavuni, huo ubosi unapungua, macho yanaamka tawi zima na kila jicho linatoa kitawi kifupi chenye maua yake. Ndio siri yote ya waridi la kutambaa hiyo, na inaniuma sana nikiona watu wanaliacha linyooke tu kama mlingoti halafu wanasema halizai maua.

Piga waya za kulala ukutani, ya kwanza kama sm 45 kutoka chini, zinazofuata kila sm 35 hivi, ziache ukuta kidogo ili hewa ipite nyuma ya majani. Siku moja kabla mwagilia vizuri. Matawi ya kijani yanapinda bila shida ila yale yaliyoshakuwa mti yanataka ubembeleze, unashika kwa mikono miwili umevaa glovu nene, unavuta kidogo, ukisikia kra simama hapo hapo, lifunge lilipofika, rudi baada ya siku 3 uvute tena kidogo. La kwangu moja lilichukua wiki 2 kulala. Kufungia usitumie waya wa kufungia nondo, unakata gome tawi likinenepa. Chana tisheti kuukuu vipande, zungusha kama namba 8, kitanzi kimoja kwenye waya kingine kwenye tawi.

Katika hayo matawi 5 toa moja tu, lile zee kuliko yote lenye gome la kijivu lililopasuka. Vitawi vya pembeni vilivyoshatoa maua vifupishe vibaki na macho 2 au 3. Majani yote yaliyoanguka okota uchome, usiyatie kwenye mboji maana ukungu unabaki humo. Halafu samadi iliyooza vizuri ndoo moja, isiguse shina.

Na kama hilo jeupe ni aina inayoitwa Iceberg ya kutambaa, kulikata mpaka chini ndio balaa kabisa, ilitokana na Iceberg ya kawaida ya kichaka, ukiikata sana inaweza ikarudi kuwa kichaka na kutambaa ndio basi.

SWALI: Shangazi habari, mimi wa Lushoto. La kwangu limetoa tawi chini linakua haraka ajabu lakini halina hata ua moja. Nililaze nalo?

JIBU: Ngoja kwanza. Fukua udongo taratibu kwa mkono uone linatokea wapi. Likitokea juu ya lile fundo, yaani pale waridi lako lilipobebeshwa juu ya shina la waridi mwitu, ni lako, lilaze, ni mali hiyo. Likitokea chini ya fundo ni mama mwitu anataka kurudi, na atalimeza waridi lako lote. Watu wanasema hesabu vijani kwenye jani moja, 7 ni mwitu, 5 ni halali, mimi hiyo siifuati kwa sababu mawaridi mengi ya kutambaa yana 7 kihalali kabisa, unaweza ukatupa tawi zuri. Ukishahakikisha ni mwitu usilikate kwa mkasi, shika karibu na mzizi uling'oe kwa kulivuta kuelekea chini mpaka litoke na kisigino chake, yaani kile kipande cha chini lilipoota, ukikata tu unaacha macho pale na yatatoka matatu badala ya moja.