Kostiki soda haitaki sufuria ya alumini

Mtu akiniuliza aanzeje kutengeneza sabuni nyumbani, habari za rangi na marashi naziacha kwanza. Namuuliza: kostiki, ile dawa inayogeuza mafuta kuwa sabuni, utaikorogea wapi?

Mimi niliikorogea kwenye sufuria ya alumini, ile ya kupikia wali. Kufumba na kufumbua povu likapanda hadi ukingoni, na mvuke ukanikaba koo. Nilipoimwaga nje, sufuria ilikuwa imegeuka nyeusi na kitako kimeliwa vishimovishimo. Kostiki, yaani sodiamu hidroksaidi, huila alumini, na ikiila hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka hatua tatu tu kutoka pale. Nikikumbuka, mwili unanisisimka mpaka leo.

Ukali huohuo viwandani ni mali. Mawe ya boksiti, yale yanayotoa alumini, husagwa na kupikwa ndani ya maji ya kostiki; oksaidi ya alumini inayeyuka, uchafu wenye chuma unabaki. Safari ya sufuria yenyewe huanzia hapo.

Kwa hiyo tafuta ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua. Tia maji kwanza, kisha kostiki kidogo kidogo huku unakoroga. Usimwagie maji juu ya kostiki hata siku moja: joto hupanda ghafla, maji yakakurukia usoni. Vaa glavu na miwani, kaa penye hewa, watoto wawe mbali. Ikikudondokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka, isipungue dakika 15; ndimu na siki usipake. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo na uende hospitali bila kuchelewa.

Halafu mizani. Kipimo cha kikombe kimeharibu sabuni za watu wengi, zangu zikiwemo. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 142 za kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji kama gramu 183. Ukitumia kipimo cha nazi kwenye mawese, kostiki itakayobaki itamchubua mteja mikono. Mimi hupunguza asilimia 5, hivyo kilo ya mawese naiwekea gramu 135, ili mafuta ndiyo yazidi.

Kuna fundi atakwambia amepima sawasawa na sabuni bado ni laini, inateleza mafuta. Muulize mfuko wake aliufungua lini. Kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na kaboni dioksaidi ya hewani, ikageuka polepole kuwa sodiamu kaboneti, ndugu wa karibu wa magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. Sodiamu kaboneti inafaa sana kutengenezea kioo, lakini mawese hayatashikana nayo. Nunua ya kukutosha, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, na uandike juu yake tarehe uliyofungua.