Re: Rekodi ya BBC ya wakati wa vita, ni kipindi gani?

Salaam ndugu. Una rekodi ya redio ya BBC ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na umekwama kati ya vipindi viwili vya wafanyakazi wa viwandani: Music While You Work na Workers' Playtime. Mimi huanza na makofi. Ukisikia mchekeshaji, kicheko cha ukumbi mzima na vikombe vikigongana, hiyo ni Workers' Playtime: kuanzia 1941 ilirushwa kutoka kantini za viwanda saa ya chakula, na kiwanda hakikutajwa, adui asijue pa kulenga.

Music While You Work, ya kuanzia Juni 1940, ni muziki mtupu wa nusu saa, mwendo uleule, mikono isilegee kwenye mashine. Hata wimbo "Deep in the Heart of Texas" uliondolewa, maana ilihofiwa wafanyakazi wangeacha kazi wapige makofi yake! Sikiliza dakika tano za katikati kwanza, mwanzo hupotosha.